Jirani Anaposema "Nimeokoka"



Sisi tunaoishi Uyole, pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na ile ya Tunduma, hulisikia neno "kuokoka" kwa maana mbili. Ya kwanza ni ya barabarani. Lori likikatikiwa breki mteremkoni, abiria waliotoka wazima husemwa kuwa wameokoka, na Waislamu na Wakristo humshukuru Mungu kwa pamoja. Ya pili ni ya dini. Mama muuza viazi sokoni husema, "Mimi nimeokoka." Kijana wa bodaboda hujitambulisha kwa neno hilo hilo. Msibani, mhubiri huwauliza waombolezaji kama nao wameokoka, nasi tumekaa pale kwa sababu marehemu ni jirani yetu au hata ndugu yetu wa damu.

Maana hii ya pili tunaisikia karibu kila siku, lakini wengi wetu hatujawahi kuuliza imebeba nini ndani yake. Wiki hii nataka tuiulize, kwa kuwa kutoiuliza kumenigharimu mimi mwenyewe, ndani ya nyumba yangu.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Tangu darasa la kwanza amekuwa akienda na kurudi shuleni pamoja na binti wa jirani yetu, familia ya Kikristo ya Kanisa la Moravian. Jioni moja ya mwezi wa saba, tumelizunguka jiko la mkaa kwa sababu ya baridi, aliniuliza: "Baba, ukifa usiku huu, una uhakika utakwenda wapi?"

Nilimtazama mama yake, naye akanitazama. Binti akaeleza kwamba rafiki yake alimwuliza swali hilo njiani. Yeye alijibu kuwa Mungu ndiye ajuaye. Rafiki yake akasema kwamba yeye anao uhakika, kwa kuwa ameokoka. "Sasa, baba, kwa nini yeye ana uhakika na mimi sina?"

Nilimjibu kwa haraka ya mtu anayesubiri chakula: "Hao wameambiwa kwamba Yesu amezibeba dhambi zao zote, basi wanafanya watakavyo. Usiwasikilize."

Kesho yake maneno yangu yalifika kwa rafiki yake kama yalivyotoka kinywani mwangu. Mtoto wa watu alilia. Kwa wiki mbili wasichana wale hawakutembea pamoja. Kisha mama yake akaja nyumbani kwetu. Huyo ndiye aliyekesha na mke wangu hospitalini alipojifungua kitinda mimba wetu. Alikataa kukaa. Alisimama mlangoni akasema: "Baba, sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Katika miaka kumi na miwili ya ujirani wetu, ni lini umetuona tukifanya tutakavyo?"

Sikuwa na jibu. Nilitambua kwamba kwa sentensi moja nilikuwa nimetenda makosa mawili. Nilikuwa nimewasingizia majirani zangu jambo wasiloliamini, na dini yetu inakuita kumsingizia mtu kuwa ni buhtani. Tena nilikuwa nimemwacha binti yangu bila jibu, kwani kejeli si jibu.

Siku ya Jumapili alasiri nilikwenda kwa mume wake, ambaye ni mzee wa kanisa. Nilimwomba anieleze wokovu kama angemweleza mtoto, nikamwahidi kwamba sitamkatiza. Baadaye nilisoma zaidi, kisha nikarudi kwake na kumsimulia imani yake kwa maneno yangu mwenyewe, hadi aliposema, "Ndiyo, hicho ndicho tunachokiamini." Ninayoyaandika hapa chini yamepita katika kipimo hicho.

Kuokolewa kutokana na nini?

Neno "wokovu" lazima lizae swali: mtu anaokolewa kutokana na nini? Nilidhani jibu la Mkristo litaanza na moto wa Jahannamu. Halianzii hapo. Linaanza na dhambi yenyewe. Kwake dhambi ni zaidi ya orodha ya makosa. Ni hali, mfano wa ugonjwa ulioingia katika mwili mzima. Adamu alipoasi, wanasema, uhusiano wa wanadamu na Mungu ulivunjika, na kila aliyezaliwa baada yake amezaliwa ndani ya mvunjiko huo. Katika makanisa ya magharibi mafundisho hayo yalipewa umbo lake hasa na Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, nayo huitwa mafundisho ya dhambi ya asili. Ndiyo sababu mojawapo Wakatoliki, Walutheri na Wamoravian humbatiza hata mtoto mchanga ambaye hajatenda kosa lolote.

Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kujitoa mwenyewe. Mzee wa kanisa aliniambia kwamba aliyetumbukia kisimani hajivuti kwa nguvu za mikono yake, bali kamba hutoka juu. Kamba hiyo ndiyo wanayoiita neema, yaani wema wa Mungu kwa mtu asiyeustahili. Na neema hiyo, kwa imani yao, ilikuja kwa Yesu: kwamba ndani yake Mungu alifanyika mwanadamu, akaishi bila dhambi, akafa msalabani kwa ajili ya wengine, akafufuka siku ya tatu. Jina lenyewe la Yesu, kwa asili yake ya Kiebrania, lina uhusiano na neno la kuokoa.

Vitabu vyao hukieleza kifo hicho kwa mifano mbalimbali. Mara ni fidia ya kumkomboa mtumwa, mara ni deni lililolipwa, mara ni sadaka iliyochinjwa, mara ni ushindi dhidi ya mauti. Watoto wetu hapa Mbeya wameiona nembo ya Wamoravian, mwanakondoo aliyebeba bendera, na wengine huicheka kwa kuwa hawajui inasema nini. Mwanakondoo huyo ni Yesu, kwa imani yao, aliyetolewa kafara. Bendera ni ya ushindi, kwani wanaamini kwamba mauti hayakumshika.

Mtu huupokeaje wokovu huo? Kwa imani, ambayo wao wanaieleza kuwa ni kumwamini Yesu kwa moyo na kujikabidhi kwake, pamoja na kuitubia dhambi na kuiacha. Na hapa ndipo nilipowakosea. Paulo, katika Waraka wake kwa Warumi, mwanzoni mwa sura ya 6, analeta swali lile lile lililojificha ndani ya kejeli yangu: je, kwa kuwa neema ipo, mtu aendelee na dhambi? Analikataa moja kwa moja. Naye Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, anaihesabu imani isiyo na matendo kuwa ni maiti. Mzee yule alinionyesha mparachichi ulio uani kwake akasema: "Mti huu hauzai ili uwe mparachichi. Unazaa kwa sababu ni mparachichi. Matendo yangu hayaninunulii wokovu, bali yasipoonekana, una haki ya kuuliza kama kweli niliupokea."

Wakristo nao hawasemi kwa sauti moja

Jambo la pili nililojifunza ni kwamba tunakosea tunapowafunga Wakristo wote katika furushi moja. Mkatoliki halisi kwa kawaida hatakwambia "nimeokoka" kama jambo lililokwisha. Kwake wokovu ni safari. Huanza katika ubatizo, hulishwa na sakramenti, na mtu hutakiwa kushirikiana na neema hadi pumzi ya mwisho.

Mwaka 1517 mtawa wa Kijerumani, Martin Luther, alipinga biashara ya hati za rehema iliyokuwa ikifanywa na kanisa la wakati wake, akaendelea hadi kufundisha kwamba mtu huhesabiwa mwenye haki mbele ya Mungu kwa neema tu, kwa njia ya imani. Ugomvi huo uliigawa Ulaya na kumwaga damu. Ilichukua hadi tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, ndipo Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walipotia saini tamko la pamoja juu ya kiini cha suala hilo. Basi jambo ambalo wenyewe wamelijadili kwa karibu miaka 500, sisi hatuna haki ya kulimaliza kwa sentensi moja kando ya jiko.

Wamoravian mizizi yao inatangulia hata hapo, kwa wafuasi wa Jan Hus, aliyechomwa moto mwaka 1415. Katika karne ya 18 walipata uhai mpya huko Herrnhut, Ujerumani, na mwaka 1732 wakapeleka wamisionari wao wa kwanza kwa watumwa wa visiwa vya Karibi. Wenzao walifika Rungwe mwaka 1891, mwaka ule ule ambao Walutheri wa misheni ya Berlin nao waliingia Unyakyusa. Kwa zaidi ya miaka 130, basi, neno wokovu limehubiriwa katika milima hii tunayoiona kutoka Uyole.

Lakini "nimeokoka" kama salamu na kitambulisho ina historia nyingine tena. Katika miaka ya 1930 uliibuka uamsho miongoni mwa Waanglikana wa Rwanda na Uganda. Wanaotajwa sana katika mwanzo wake ni Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini, Rwanda. Walioguswa waliungama dhambi zao hadharani, wakarudisha vya wizi, wakaomba radhi kwa waliowadhulumu. Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookolewa, nasi tukapata neno "walokole". Uamsho huo ukaingia Tanganyika na Kenya, na baadaye makanisa ya Kipentekoste yakaongeza nguvu katika lugha hiyo. Kwa watu hao kuokoka kuna tarehe. Mtu hukutajia siku, mahali na alivyokuwa kabla. Hata katika makanisa ya zamani vijana wengi leo huzungumza hivyo. Swali aliloulizwa binti yangu njiani lilitoka katika mkondo huo.

Tunapokaribiana na tunapoachana

Sasa turudi kwetu. Wengi wetu hueleza tofauti kwa ufupi: Wakristo wanategemea neema, Waislamu wanategemea matendo. Maelezo hayo ni mepesi kukariri, ila si sahihi, na madhara yake ni kwamba yanaidhulumu dini yetu wenyewe.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwafundisha Masahaba kwamba hakuna yeyote miongoni mwao ambaye amali yake itamwokoa. Walipomuuliza kama hata yeye yumo katika hukumu hiyo, alijibu kuwa hata yeye, isipokuwa Allah amfunike kwa rehema Yake. Katika mojawapo ya mapokezi ya hadithi hiyo, neno la Kiarabu lililotumika ni la mzizi ule ule wa "najaat", yaani kuokoka. Wakati huo huo Qur'an, katika Surat An-Nahl aya ya 32, inawaambia watu wema waingie Peponi kwa yale waliyokuwa wakiyatenda. Wanazuoni wetu wameyaunganisha mafundisho haya mawili kwa uzuri: amali ni sababu ya kuingia Peponi, si bei yake. Mkulima wa viazi hapa Uyole anaielewa tofauti hiyo bila kusoma sana. Analima, anapanda, anapalilia, na asipofanya hivyo hatavuna. Lakini hawezi kudai kwamba jasho lake ndilo lililoshusha mvua.

Basi kama pande zote mbili zinasema kwamba hakuna aokokaye ila kwa wema wa Mungu, tunaachana wapi?

Tunaachana, kwanza, kwa Adam (a.s.). Katika Surat Al-Baqara aya ya 37, Adam anapokea maneno kutoka kwa Mola wake, anatubu, na toba yake inakubaliwa. Kosa lilitokea, likatubiwa, likasamehewa, na halikurithiwa. Mtoto wa Kiislamu, na kwa imani yetu kila mtoto duniani, huzaliwa juu ya fitra, akiwa hana deni la mtu.

Tunaachana, pili, kwa mzigo. Surat Al-An'am aya ya 164 inafundisha kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Na juu ya msalaba wenyewe, Surat An-Nisaa aya ya 157 inakanusha kwamba Nabii Isa (a.s.) aliuawa au alisulubiwa. Sisi tunampenda, tunamheshimu yeye na mama yake Maryam, tunaamini kuzaliwa kwake bila baba na kurudi kwake, lakini hatumfanyi Mungu wala kafara ya dhambi zetu.

Nilipofika hapo katika mazungumzo yetu, nilimuuliza mzee wa kanisa swali ambalo kila Mwislamu huliuliza: "Kwani Mungu hawezi kusamehe tu, pasipo mtu kufa?" Alifikiri, akanyoosha kidole kwenye taa iliyokuwa mezani. "Mjukuu wangu akiivunja taa hii nikamsamehe," alisema, "taa itakuwa bado imevunjika. Itabidi mtu anunue nyingine, na kwa kuwa nimemsamehe, mnunuzi nitakuwa mimi. Kila msamaha una anayebeba hasara. Sisi tunaamini kwamba Mungu aliibeba hasara hiyo Yeye mwenyewe."

Nakiri kwamba sikuwahi kuusikia msalaba ukielezwa namna ile, na niliheshimu upendo uliokuwa ndani ya maneno yale. Kisha nami nikamweleza letu. Katika hadithi Qudsi iliyopokewa na Muslim, Allah (s.w.) anawaambia waja Wake kwamba wao hukosea usiku na mchana Naye husamehe dhambi zote, basi wamwombe msamaha. Anaendelea kuwaambia kwamba lau viumbe wote, wa mwanzo na wa mwisho, wangesimama mahali pamoja wakamwomba, na kila mmoja akapewa alichoomba, hazina Yake isingepungua ila kama sindano ipunguzavyo bahari inapochovywa ndani yake. Taa yangu mimi na taa yako wewe zikivunjika, kuna hasara. Kwa Mwenye hazina isiyopungua, hakuna hasara ya kubebwa. Anasamehe kwa sababu ni Al-Ghafuur, na haachi kuwa mwadilifu kwa kusamehe.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo penye tofauti hasa. Wote wawili tunaitaja rehema. Tunachotofautiana ni kama rehema hiyo ilihitaji kulipiwa, na nani alilipa. Hata katika Idul-Adh-ha, tunapochinja, Surat Al-Hajj aya ya 37 inatukumbusha kwamba nyama na damu za wanyama wale hazimfikii Allah, bali kinachomfikia ni ucha-Mungu wetu. Mwanakondoo wa nembo ya Wamoravian na kondoo wetu wa Idi wanafanana kwa umbo, lakini kila mmoja anasema jambo lake. Mtoto wetu akiijua tofauti hiyo hatakuwa na haja ya kuicheka nembo ya mwenzake, wala hatayumba akiulizwa imani yake.

Jibu nililomdai binti yangu

Lilibaki swali la kando ya jiko: una uhakika utakwenda wapi?

Nilimketisha binti yangu nikamwambia hivi. Mwanangu, uhakika wetu uko kwa Aliyeahidi, na hofu yetu iko kwa nafsi zetu. Allah hakosi ahadi Yake. Katika Surat Az-Zumar aya ya 53 anawaita waja Wake waliojidhulumu nafsi zao, si watakatifu, akiwataka wasikate tamaa na rehema Yake, kwani husamehe dhambi zote. Kuhusu hilo huna sababu ya kuwa na shaka hata kidogo. Shaka yako iwe juu ya moyo wako: je, utadumu? Je, swala yako ina ikhlasi? Je, uliyemdhulumu amekusamehe? Ndiyo maana Mwislamu huishi kati ya khofu na matarajio, kama ndege arukaye kwa mabawa mawili. Kumi waliobashiriwa Pepo na Mtume (s.a.w.) wangali hai hawakulegeza ibada. Walizidi kumcha Mungu.

Nikamwambia pia kwamba mzee wa kanisa, nilipomuuliza, alisema uhakika wake nao hauko katika nafsi yake. Yeye anaamini kwamba kazi imekwisha kufanywa msalabani. Sisi tunaamini kwamba hesabu ingali mbele yetu, na Mwenye kuhesabu ni Mwingi wa rehema. Binti akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo nilipomwambia kwamba Mungu ndiye ajuaye, sikukosea?" Nikamjibu: "Hukukosea. Ulibakisha nusu tu. Ungeongeza kwamba huyo Ajuaye ndiye Mwenye kukuita." Mara tano kwa siku mwadhini wa hapa Uyole hutuita kwenye swala, na mara tu baada ya hapo hutuita kwenye "falaah", yaani kufaulu, nako ndiko kuokoka kwenyewe. Tumelizoea neno hilo hata tumesahau kulisikia. Nasi tunao mwito wa wokovu, na jibu letu kwake ni miguu inayokwenda msikitini.

Tuwafundishe nini watoto

Wazazi wenzangu, watoto wetu wa Nyanda za Juu Kusini wanasoma, wanacheza na wanafanya biashara pamoja na Wakristo, na wengi wana babu, shangazi na wajomba Wakristo. Wataulizwa tu, tupende tusipende. Naomba tuyafanye mambo manne.

La kwanza, tuwafundishe yetu kabla ya ya wenzao. Mtoto asiyejua maana ya toba na rehema atadhani kwamba rehema ipo kwa jirani tu.

La pili, tunapowaeleza imani ya Wakristo, tuieleze kwa namna ambayo Mkristo mwenyewe akiisikia angesema, "Ndiyo, hiyo ni yangu." Usemi nao ni amana. Anayepinga kitu ambacho mwenzake hakiamini hajapinga lolote.

La tatu, tuwazuie na kejeli. Surat Al-Ankabut aya ya 46 inatuamrisha tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora, na Surat Al-An'am aya ya 108 inatukataza kuvitukana hata vile wanavyoviabudu washirikina. Ikiwa hao wamewekewa heshima hiyo ya ulimi, sembuse jirani aliyekesha na mke wako hospitalini?

La nne, wema usisubiri makubaliano. Surat Al-Mumtahana aya ya 8 inatuambia kwamba Allah hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Tunaweza kutofautiana juu ya msalaba na bado tukashirikiana mwiko wa msibani.

Mwishoni mwa juma lile nilikwenda kwa jirani pamoja na binti yangu. Nilimwambia mama yule mbele ya watoto wote wawili kwamba niliisemea imani yake jambo lisilo la kweli, na kwamba nimekuja kuomba radhi. Sikusema kwamba imani yake ndiyo sahihi, wala hakunitaka niseme hivyo. Alisema, "Yamekwisha, baba," akaingia jikoni, akarudi na chupa ya chai.

Siku ya Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa getini. Niliwaona wasichana wawili, mmoja na mtandio na mwingine kichwa wazi, wakishuka pamoja kuelekea njia panda ya Uyole katika ukungu. Walikuwa wakibishana jambo. Binti yangu ndiye aliyekuwa akisema, na mwenzake alikuwa akimsikiliza.

Allah atuongoze sisi na watoto wetu, atujaalie ndimi za ukweli na atufishe naye akiwa radhi nasi. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.